Mkandaji unga aliyepongezwa kwa safari asizokwenda

Alfajiri bado changa, lakini shati la Mwanariadha limeshalowa mgongo mzima. Amesimama mbele ya meza ya mbao ndefu kuliko kitanda, miguu ameitanua, mikono imezama ndani ya donge la unga. Anasukuma, anakunja, anavuta, anasukuma tena. Nyuma yake tanuri linanguruma.

"Mwanariadha! Leo umefika wapi?" anauliza mchomaji mikate, mwenzake wa siku nyingi, huku akipangua trei.

"Yuko nyumbani huyo, bado anafunga kamba za viatu," anadakia mama anayeuza dukani, kule mbele.

Wote wanacheka. Mwenyewe anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, mikono haisimami.

Jina hilo la utani halikutokana na mbio. Lilitokana na saa ya mkononi.

Ana miaka hamsini na minne, na ishirini na miwili kati ya hiyo ameimalizia kwenye meza hii. Kila siku hukanda mifuko minne ya unga kwa mikono. Mashine ya kukandia ipo, imefunikwa turubai pembeni, huu mwaka wa pili. Tajiri akiulizwa husema fundi anakuja. Huyo fundi lazima anatoka mwezini, tena anakuja kwa magoti. Mpaka afike, mashine ni mtu, na mtu huyo analipwa kwa wiki ujira ambao nusu yake humezwa na kodi ya nyumba na dawa kabla hajaushika vizuri.

Dawa zilianza mwaka jana. Vidole vya mguu wa kulia vilikuwa vinakufa ganzi. Siku moja akajikwaa kwenye kona ya tanuri asisikie kitu. Damu sakafuni ndiyo iliyompa habari. Kliniki wakampima, wakamwambia ni kisukari. Neno hilo analifahamu. Kaka yake alianza hivyohivyo, kwa kidole, akaishia kukatwa mguu chini ya goti.

"Kazi yangu mimi ni ya kusimama," anasema. "Aliyekatwa mguu hawezi kukanda unga. Hilo halihitaji kusoma."

Daktari alimpa vidonge na sharti moja: atembee kila siku, kwa mwendo wa haraka, saa nzima. Mkewe akamnunulia viatu vya michezo. Binti yake, anayeuza simu na vifaa vyake, akamvisha saa ya mazoezi.

"Hii itakuwa inakuhesabia hatua, baba," alimwambia. "Ukifikia lengo, yenyewe itakupongeza."

Kesho yake, kabla jua halijachomoza, saa ilitetemeka mkononi, ikalia, ikawaka maneno ya hongera. Akaacha kukanda, akayasoma mara mbili. Mchomaji akaja kuchungulia, akapiga mluzi.

"Jamani, mzee kamaliza safari, na hata chooni hajaenda!"

Wakampigia makofi. Tajiri naye, aliposikia, akaigeuza kuwa hoja yake. "Si mnaona faida ya kukanda kwa mikono? Wenzenu wanalipia jimu."

Tangu siku hiyo akawa Mwanariadha. Na tangu siku hiyo hakutembea. Akitoka kazini mchana, mabega yanawaka moto, miguu imevimba kwa kusimama, alipanda basi hadi karibu na mlango wake, akajitupa kitini. Mkewe akimwuliza habari za matembezi, alimnyooshea mkono wenye saa kama mtu anayeonyesha kitambulisho.

"Nikamwambia, mume wangu, mbona viatu vyenyewe soli bado zinang'aa kama viko dirishani dukani?" anasimulia mkewe. "Eti akaniambia nina wivu na saa! Haya, nikamwacha na saa yake. Usilolijua ni usiku wa kiza, na mimi saa sizijui."

Baada ya miezi mitatu walirudi kliniki pamoja. Yeye alitangulia kifua mbele, mkono wa shati ameukunja ili saa ionekane. Lakini sukari haikuwa imeshuka. Ilikuwa imepanda. Muuguzi, msichana wa umri wa binti yake, akaangalia majibu, akaangalia saa, akarudi kwenye majibu.

"Baba, na hatua zote hizi? Kwani huwa unatembea wakati gani?"

"Alfajiri."

"Wapi?"

"Kazini."

"Kazi gani hiyo ya kutembea alfajiri?"

"Nakanda unga, mwanangu."

Muuguzi akaweka kalamu chini. "Hebu kanda hapa."

"Hapa hakuna unga."

"Kanda hewa, baba."

Akakanda hewa, palepale kitini, mbele ya wagonjwa wengine waliokuwa wakisubiri mlangoni. Mkewe aliziba mdomo kwa kiganja. Tarakimu za hatua kwenye saa zikaanza kupanda, na zikaendelea kupanda, ilhali kiti hakijasogea hata unywele.

"Saa haina macho," muuguzi alimwambia taratibu. "Inahisi mkono tu. Mkono ukienda na kurudi, yenyewe inadhani mwenye mkono anatembea."

Alijaribu kujitetea. Jasho si lilikuwa la kweli? Kukanda nako si mazoezi? Muuguzi hakumbishia.

"Ni mazoezi, tena si mchezo. Lakini baba, unga umeukanda miaka yote hiyo, na sukari ikapanda hukuhuku unakanda. Daktari aliiomba miguu. Mikono imejibu barua isiyo yake."

Binti yake mpaka leo hajajisamehe. Dukani kwao, anasema, malalamiko ya aina hiyo yapo, ila huja kinyume. "Kuna mteja anaendesha baiskeli. Alikuja kunigombeza: nimevuja jasho ndoo nzima, saa yako inaniambia nimelala! Maana mikono yake imeshika usukani, imetulia tuli. Mimi nilicheka sana. Sikuwaza kwamba kichekesho hicho kina upande wa pili, na upande huo yuko baba yangu."

Baba mtu hailaumu saa. Anafuta unga kwenye viwiko kwa kitambaa, polepole, kama anayemfuta mtoto.

"Moyoni nilijua," anasema. "Miguu ni yangu, na haikuondoka mezani. Ningekosaje kujua? Lakini mtu aliyechoka humwamini yeyote anayemwambia pumzika."

Siku hizi akiingia kazini huivua saa na kuitundika ukutani. Akitoka huivaa, hubadilisha viatu, na kwenda nyumbani kwa miguu. Mtu mwenye afya njema hutumia chini ya saa moja. Yeye hutumia zaidi, na njiani hupumzika mara mbili. Siku ya kwanza aliitazama ile idadi ndogo ya hatua kwenye kioo cha saa akaona kama amevuliwa nguo. Sasa ameizoea. Baada ya wiki mbili atapimwa tena, na hakuna anayejua majibu yatasemaje.

Mchana huu mkewe amekuja kumpokea. Wanapanda barabara ya kutoka kwenye duka la mikate, yeye nyuma, mke mbele.

"Mikono hiyo iache, mzee! Nani kakwambia uogelee? Leta miguu!"

"Inakuja, mama. Inakuja na mizigo yake."

Anasema anachotaka si kikubwa. Anataka kusimama mezani mpaka mwanawe wa mwisho amalize chuo cha ufundi. "Siku nitakayoiacha kazi ile, niiache nikitembea. Nisitolewe nimebebwa."

Kwenye mwinuko anasimama, anashika kiuno, anavuta pumzi. Basi linakuja kutoka nyuma, linapunguza mwendo, mlango unafunguka.

"Mzee, panda! Viti vipo!" anaita kondakta.

Viti vipo kweli. Vinaonekana kupitia dirishani, vitupu, upande wa kivuli. Mkewe anageuka kumtazama. Yeye anaviangalia viti hivyo kwa muda mrefu kuliko kondakta anavyoweza kuvumilia.

"Nenda, kijana," anasema hatimaye. "Nenda tu."

Mlango unafungwa. Anausogeza mguu wa kulia kwanza, ule wenye ganzi, anaukanyaga chini taratibu ahakikishe upo, kisha anauleta wa kushoto.