Yai la Elieth

Anyesi alizaliwa na mikono yenye kiherehere. Kwao Kibakwe, akimwona mtu anamenya boga polepole, humpokonya kisu. Halafu Mungu naye ana utani wake: akampa kazi ya kulea watoto katika shule ya Montesori huku Makole, ambako mtoto akishika zana, mwalimu hunyamaza na kuweka mikono nyuma. Ndiyo maana hujifunga kanga kiunoni kila asubuhi, apate cha kushika mgongoni.

Siku hiyo aliishika hasa. Fredy, karani wa wizara, alikuwa mlangoni. Alikuwa amekuja kumhamisha binti yake, Elieth.

"Mwalimu, mwaka mzima mwanangu anacheza na maji. Wenzake wanasoma."

"Baba Elieth, mwache tu amalize alichoanza. Kisha uamuzi ni wako."

Elieth, mtoto wa miaka mitano, alikuwa mkekani na glasi ya maji, yai na bakuli la chumvi. Alitumbukiza yai, likazama. Akaliopoa kwa kijiko, akatia chumvi, akakoroga, akalirudisha. Likazama.

"Yai linazama, nani asiyejua?" Fredy akatazama saa.

Chumvi ilikuwa haijatosha. Neno lilimjaa Anyesi mdomoni: ongeza, mwanangu. Angelisema, yai lingeelea na mtoto angebaki. Lakini lingekuwa yai la Anyesi. Aliogopa, aliogopa kweli, maana alimpenda yule mtoto kuliko mwalimu anavyopaswa. Akaikaza kanga mpaka vidole vikafa ganzi.

Chumvi nyingine. Likazama tena. Fredy akaingia, akamshika binti yake mkono.

"Twende."

Elieth hakuwahi kumkatalia mtu mzima neno, si nyumbani wala darasani. Akautoa mkono wake taratibu.

"Baba, subiri. Bado linafikiri."

Fredy akabaki ameinama. Mtoto akatia chumvi, akakoroga. Yai likagusa chini, likasita, kisha likapanda na kutokeza utosi juu ya maji.

Elieth hakushangilia. Aliliopoa yai, akamwaga maji, akajaza mengine safi, akamsogezea baba yake.

"Sasa wewe."

Fredy aliutazama mlango. Kisha akavua viatu, akakaa mkekani, akatia chumvi kidogo mno. Yai likazama.

"Niongeze?" akauliza.

Elieth hakujibu. Alikuwa amesimama kando ya Anyesi, mikono nyuma.