Baba Alikula Kwanza

Mihogo inayokaushwa juu ya moshi wakati wa mvua ina harufu yake: uchachu kidogo, majivu kidogo, kama nguo iliyoanikwa jikoni ikasahauliwa. Nimekutana na harufu hiyo Voi, nikakutana nayo Tanga, na mara moja pale Garsen, nje ya kibanda cha chakula, nilipokuwa nikisubiri gari la kunipeleka nisikokujua vizuri. Kila mara miguu yangu imetaka kukimbia kabla yangu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mimi sikuumwa na nyoka. Niliogopeshwa na sufuria, nikiwa msichana wa darasa la nne, msimu ule mto Tana ulipofura ukaingia mashambani kwetu Kilelengwani.

Wazazi wangu walikuwa Wagiriama waliohamia huko kutoka kusini kutafuta ardhi. Walipanda mihogo michungu kwa sababu nguruwe mwitu hawaigusi, na mama alijua kuitoa sumu: aliimenya, akaipasua, akailoweka, kisha akaikausha mpaka ikawa makopa. Msimu ule alikuwa mjamzito, na mimba ilikuwa inamsumbua. Alijua atakwenda kujifungulia hospitalini Ngao, na alijua pia kwamba baba hajawahi kuteleka hata maji ya chai. Basi akampangia chakula chote. Alitundika vikapu vya makopa juu ya meko kwa foleni. Kikapu cha karibu na mlango kilikuwa kimekauka kabisa, kipikwe kwanza. Kilichofuata kingekuwa tayari hicho kikiisha. Cha mwisho, kule ukutani, kilikuwa hakijalowekwa wala kukauka vya kutosha, na sumu bado ilikuwa ndani; hicho angekimalizia mwenyewe akirudi. "Baba Kadzo, fuata foleni tu," alisema akiingia kwenye mtumbwi wa jirani. "Usilete akili zako jikoni." Baba akacheka, nasi tukacheka.

Maji yalikuja nyuma yake. Yalipoanza kulamba mafiga, baba alifanya jambo ambalo mtu asiyezoea jiko angelifanya: alivitungua vikapu vyote, akavimwaga ndani ya gunia moja, akalipandisha darini lisilowe. Alishuka akijipangusa mikono kama mtu aliyeokoa mali. Ni asubuhi iliyofuata, alipotia mkono guniani, ndipo uso wake ulipobadilika. Makopa ya chakula na makopa ya sumu yalikuwa rangi moja, yote meusi kwa moshi. Aliyaonja, lakini moshi ulikuwa umeyatia yote uchungu, ulimi ukawa shahidi asiyefaa. Mahindi yalikuwa yamekwenda na maji. Majirani walikuwa wamehamia kwenye ardhi ya juu, na baba alikataa kuwafuata, kwa kuwa mama angekuja kututafuta pale pale. Mtumbwi hatukuwa nao, sisi watu wa jembe, na palipokuwa na kunde zetu tuliona mgongo wa mamba ukipita polepole, kama mwenye shamba. Mdogo wangu Karisa alilia njaa mpaka akaacha kulia.

Mwishowe baba alichagua makopa yaliyoonekana makavu zaidi, akayachemsha kwenye kona iliyobaki kavu, akamwaga maji, akayachemsha tena. Akatuketisha mbali na sufuria. "Nitakula mimi kwanza," alisema. "Jua likifika juu ya ule mti wa mkoma nami ni mzima, mtakula. Nikilala, Kadzo, mshike mdogo wako, msiguse kitu, upige kelele mpaka mtu apite." Kisha akala, akitutazama. Nami nilimtazama alivyotafuna, alivyomeza, alivyopepesa kope. Mate yalinijaa kinywani kwa njaa na kwa hofu, sikujua ipi ni ipi. Karisa alipounyosha mkono kuelekea sufuria nikaubana kwa magoti. Jua halijaufikia mkoma, baba akashika paji la uso. Jasho lilimtoka. Akasema, kwa sauti ya kawaida mno, kwamba nyumba inamzunguka.

Nikapiga kelele. Aliyenisikia ni Athumani, mtu wa tumbo kubwa aliyekuwa mpishi wa dago, yaani kambi ya wavuvi, upande wa Kipini. Alikuwa akipandisha samaki wakavu kwa mtumbwi wake. Alimtapisha baba, akamlaza kwa ubavu, akampoza uso kwa maji, wala hakutoka hapo mpaka baba alipoweza kukaa mwenyewe.

"Ewe Baba Kadzo," alisema hapo, "mamba wote hawa wamekuacha, uje kuuawa na muhogo?"

"Sijui kupika," baba alisema, akitazama chini.

"Hilo nimeliona. Kuuliza si ujinga, bwana. Ujinga ni hii supu yako." Akalimwaga gunia lote mtoni, akatuachia mchele, kunde na samaki.

Tangu hapo akawa anapita kila asubuhi. Tulimsikia kabla ya kumwona. "Leo wali na samaki! Maji yapite mchele kwa kifundo cha kidole! Kunde za kesho zilowekeni sasa hivi!" Sisi tukamwita Ami, na Ami Athumani hakupiga kasia tena mpaka baba ajibu kwa sauti, neno kwa neno, kama mwanafunzi. Mama aliporudi na mtoto mchanga, maji yakiwa yamepungua, alimkuta baba ameinama juu ya bakuli, akichambua kunde bila kuambiwa.

Mimi sikujifunza. Jiko lilinitia hofu, nikawa mtu wa kuhama miji na kula hotelini, mpaka nilipopata watoto, na watoto hawalelewi kwa chapati za kununua. Sasa kuna huduma kwenye simu. Kila Ijumaa hunitumia mpango wa milo ya wiki nzima, cha kununua, cha kuloweka usiku, moto uwe kiasi gani. Sitaidharau; imewalisha wanangu vizuri, na mimi mwenyewe nimeanza kujua chumvi. Ila simu ikishasema imesema. Haingoji kando ya maji isikie kama nimeelewa.

Juzi ilileta mihogo ya nazi. Niliinunua ile mitamu, muuzaji akaniapia, nikafuata kila hatua. Nikapakua sahani moja tu, yangu.

"Mama ameanza tena," alisema mwanangu mkubwa. "Chakula kitapoa."

"Kipoe," nikamjibu. Nikala nikiwatazama, nikasogeza sufuria mbali na mikono yao, nikangoja mwanga wa dirishani ufike mlangoni.