Tope Bichi kwenye Landkruza

Subira iliniishia nilipogusa mlango wa gari la wagonjwa na kidole changu kikarudi na tope bichi.

Binti yangu alikuwa mgongoni, anachemka. Nesi wa zahanati ya kijijini kwetu alishasema akimbizwe hospitali Ifakara, ameishiwa damu. Dereva naye alishasema haendi popote: njia imejaa maji kule bondeni, na gari lenyewe halijatoka tangu juzi.

Uani yalisimama magari mawili. Landkruza ya zahanati, ndiyo hilo gari la wagonjwa, ya Mjapani, nyeupe, yenye lile bomba la kuvutia hewa tunaloliita mkonga, limepanda mpaka juu ya paa ili gari lipite majini. Pembeni yake Landrova ya Mwingereza, kuukuu, ya mzee anayenunua mpunga. Ilikuwa imetoka kuvuka bonde hilohilo.

"Hiyo yako, mzee, ukifunga mlango huu, ule unafunguka," dereva alimtania.

"Na lako la Mjapani lina pua yote hiyo, kumbe lina mafua! Mimi nimefungua feni belti, feni isirushie injini maji, nimefunika mbele kwa turubai, nimepita."

Wanaume wakacheka. Mimi nikajiuliza: lenye pua limeshindwa, lisilo na pua limepitaje? Nikaizunguka Landkruza. Tope jeusi la bondeni lilifika kwenye vitasa, sawasawa na la Landrova. Kwenye bampa ya nyuma ya hiyo Landkruza yalikuwa yamenasa mabua ya mpunga. Ndipo nikaligusa.

"Tope hili ni la juzi?"

"Dada, na wewe unajua nini kuhusu magari?"

"Najua tope. Nalima. Gari lilikuwa wapi leo?"

Akamtazama nesi. Nesi akainamia viatu vyake. Mpaka leo yule nesi simwelewi.

"Shikamoo, baba," nikamgeukia mwenye Landrova. "Tupeleke."

"Marahaba. Panda, mwanangu."

Hata yeye simwamini sana, mizani yake ya mpunga naijua. Lakini alishusha magunia yake palepale kwenye matope, akafungua feni belti tena, na bondeni maji yaliingia mpaka miguuni kwetu. Gari likakohoa, likatoka.

Asubuhi, mtoto akiwa ameshawekewa damu, nilimwacha wodini na mama yangu, aliyepanda nasi Landrova, nikaenda ofisi ya mganga mkuu. Karani akaniambia, "Si umeshafika salama, mama? Yaache." Nikamwomba karatasi. Niliandika hivi, akagonga muhuri nikiwa nimemsimamia:

"Namlalamikia dereva wa gari la wagonjwa la zahanati yetu. Alisema gari halijatoka, nami nimelikuta na tope bichi na mabua ya mpunga. Naomba aulizwe mbele ya wanakijiji lilikwenda wapi na lilibeba nini. Naomba ufunguo usikae kwake. Na gari lisioshwe mpaka mmoja wenu aje aliguse kama nilivyoligusa mimi."