Chupa Namba Tisa

Laiti ningekataa ombi lile. Wakati wa vita, majirani zangu wa mtaa wa Saio, hapa Bunia, walikubali kutolewa damu. Ilipelekwa Ubelgiji ili atafutwe mtu ambaye uboho wake ungemfaa mjukuu wangu Furaha, aliyelazwa huko akiwa na mama yake, binti yangu.

“Papa, usiandike majina,” waliniomba. “Jina linaonyesha kabila. Wanamgambo wa barrière barabarani wakiyaona, watatuua.”

Nikaandika namba tu kwenye chupa.

“Na weye muzee, utakumbuka?”

“Nilimaliza masomo ya humanités, nishindwe na watu kumi na watano?”

Tukacheka.

Vita vikatutawanya. Miezi ilipita, daktari aliyeipeleka damu ile akanikuta kwenye kambi ya wakimbizi, akitabasamu. “Chupa namba tisa ina jeni ya kinga ambayo wataalamu hawajawahi kuiona kwingine. Furaha naye anayo! Uboho wa mtu huyo utamfaa.” Akanipa simu iliyotoka Ubelgiji.

“Papa, ni nani?” binti yangu aliuliza.

Nikamtaja fundi baiskeli. Hapana, mke wake. Hapana, katekista.

Daktari aliacha kutabasamu.

“Papa, haujue?” binti yangu aliuliza tena.

Sikujua. Furaha alikufa kabla hatujampata mtu yule, na binti yangu hajaniita tena Papa.