Tundu la Nyuki Nililolikandika

Mimi sijui kungoja. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa mkunga akiwa bado njiani, na tangu hapo sijapunguza mwendo. Kwa hiyo nyuki walipohamia nyumbani kwetu Milanzi, enzi za Mwingereza, mwaka wangu wa pili wa ndoa, aliyekosa raha nilikuwa mimi peke yangu.

Waliingilia tundu dogo la ukuta wa nje, chini kidogo ya paa, wakajenga darini. Dari ilikuwa ya miti iliyokandikwa udongo, na chini yake tulikaa mimi, binti yangu wa miezi minne, na mama mkwe, ambaye miguu ilikuwa imemvimba hata hawezi kutoka nje bila kushikiliwa. Mume wangu alikuwa kibarua wa barabara, anarudi Jumamosi hadi Jumamosi. Kuwasha moto chini ya paa lile hakutaka hata kusikia, maana kilikuwa kipupwe, upepo unavuma kutwa na nyasi za paa zimekauka. Alituma salamu Kaoze, kule bondeni, kwa mrina asali aliyemfahamu.

"Msiwaguse," alituambia Jumatatu akiondoka. "Jumamosi nitakuja naye."

Jumamosi! Mlio wao ulinikaa kichwani. Nikisaga ulezi nawasikia, nikiacha kusaga nawasikia zaidi. Nilimhamisha mtoto kutoka pembe hii hadi ile, nikamrudisha. Nilitoka kuliangalia tundu, nikaingia, nikatoka tena.

"Mwanangu, kaa chini," mama mkwe akasema kutoka mkekani kwake, anacheka. "Unanitia kizunguzungu."

"Mama, wakishuka je?"

"Washuke wapi? Wana njia yao, wanapita huko. Waache."

Kubishana naye sikuthubutu, lakini ndani nilikuwa nachemka. Kwake ni rahisi, nilijiambia, mtoto si wake. Naona aibu kuliandika, lakini ndivyo nilivyofikiri.

Kwetu anayekandika nyumba ni mwanamke, na mke mgeni hupimwa kwa ukuta wake. Mimi nilisifiwa kwa hilo. Majirani walikuja kuangalia kona zangu. Njia ya panya, ufa, msingi ulioliwa na mvua, vyote dawa yake kwangu ilikuwa moja: udongo na samadi. Basi Jumatano alfajiri, nyuki wakiwa bado wamebanwa na baridi, nilikanda tope, nikafudikiza kinu, nikapanda juu yake, nikaliziba tundu. Nililisawazisha kwa kiganja mpaka likapotea. Nilishuka nimefurahi, kana kwamba nimemfungia mwizi mlango, na sikujiuliza mwizi mwenyewe amebaki upande gani.

Jua lilipopanda nikachukua mtungi kwenda kisimani, mtoto nikamwacha amelala karibu na bibi yake. Nilipokuwa narudi nikamsikia mama mkwe anapiga kelele. Ile dari ilikuwa na nyufa kwa ndani ambazo sikuwahi kuzishughulikia, kwa sababu wageni hawaangalii juu. Nyuki walikuwa wamekosa njia yao wakashukia humo.

Niliutupa mtungi. Chumba kizima kilikuwa nyuki. Mama mkwe alikuwa ameinama juu ya mtoto, magoti na viwiko chini, amemfunika kwa kaniki yake, na shingo yake na mikono vilikuwa vyeusi kwa nyuki. Hakujipiga wala hakujitikisa. Nilijifunika uso, nikamchomoa mtoto, nikakimbia naye kwa jirani, kisha tukarudi wawili tukamburuta mama nje.

Mtoto alidungwa mara moja, kisiginoni. Miiba ya mama tuliikwangua kwa kucha, tukaacha kuhesabu. Siku tatu alikuwa na homa, macho yamefumba kwa uvimbe, na kila aliposhtuka usingizini mimi nilikuwa nimeshasimama.

Jumamosi jioni mrina asali alifika na mume wangu. Alitaka maji yawekwe tayari, akalizibua tundu langu na kulipanua, akapuliza moshi kidogo wa samadi kutoka kwenye chungu, akayatoa masega moja moja na kuyapanga ndani ya mzinga. Malkia alipoingia, wengine wakamfuata. Akamaliza kabla giza halijashika.

"Lakini nani aliwaziba?" akauliza akinawa mikono.

Mume wangu akanigeukia. Nilifungua mdomo.

"Mimi," mama mkwe akasema kutoka mkekani, macho bado yamefumba. "Nilimlazimisha. Makelele yao yalinichosha."

"Mama! Nilisema wasiguswe!" Sikuwa nimewahi kumsikia akimfokea mama yake kabla ya siku ile. "Ulitaka kuniulia mtoto?"

"Nisamehe, baba," akamwambia mwanawe. "Uzee huu."

Na mimi nilikuwa nimesimama pale pale, mtoto kifuani, nikamwacha aombe msamaha.