Rangi Mbichi ya Viti vya Monsieur Honoré

Kwa miaka kumi na minane Emérence alifua kanzu za mapadri katika misheni moja ya Bukavu, na hakuwahi kukutana na doa lililomshinda. Divai, nta, wino, damu ya pua ya padri mzee, yote yalitoka mikononi mwake. Watu wa mtaa wake wa Kadutu walimwita Maman Sabuni, naye aliitika bila kinyongo. Alikuwa mjane kutoka Nyangezi, mfupi, mwenye viganja vilivyochubuka na ulimi ambao haujachubuka hata kidogo.

Dharau yake kwa wakubwa hakuisoma kwenye gazeti. Ilianza siku binti yake Rosalie alipofutwa jina la ubatizo kwenye daftari la shule, kwa sababu Chama, na wakati ule kilikuwa kimoja tu nchi nzima, kilikuwa kimeamua kwamba majina ya watakatifu ni utumwa. Baadaye somo la dini likaondolewa darasani, na saa ile ile ikajazwa nyimbo za kumsifu Rais. Emérence mwenyewe alikusanywa pamoja na wanawake wenzake kwenda kucheza uwanjani, akitingisha kiuno mbele ya wanaume walioketi kwenye viti vya kijani, yeye aliyepokea komunyo kila Jumapili. Mbele ya viti hivyo alitembea Citoyen Cishugi, yaani Mwananchi Cishugi, kama Chama kilivyoamuru watu waitane, mkubwa wao mtaani, akinyoosha kidole kwa mama yeyote asiyetingisha vya kutosha. Kile kidole Emérence hakukisahau.

Mwaka 1990 Rais akaruhusu vyama vingine, na kila mwenye tai akajiona mwanasiasa. Emérence hakuwa na tai. Alikuwa na ua nyuma ya nyumba, na humo yeye na katekista Théodore wakaanza kukutana na majirani Jumamosi alasiri. Walitaka mambo ya kizamani, tena bila kuona haya: somo la dini lirudi shuleni, mtoto aitwe alivyobatizwa, wazee waheshimiwe, binti asichezeshwe mbele ya wakubwa. Walijiita Mafiga Matatu, yaani Mungu, nyumba na shamba, kwa kuwa chungu hakikai juu ya mawili.

Sheria yao ilikuwa moja: kila mtu aje na kigoda chake.

"Mutu akikupatia kiti, kesho atakuambia simama," Emérence aliwaeleza. "Hii yangu nimekuya nayo, nitarudia nayo. Hakuna mwenye kuniondosha."

Na kura ilipigwa kwa vigoda hivyo hivyo. Anayekubali hubaki ameketi. Anayekataa husimama na kukipindua kigoda chake, miguu juu, kila mtu aone. Hapakuwa na meza kuu wala mtu wa mbele. Kufikia Oktoba ua ulikuwa umejaa, watu wameketi hadi barabarani, na bibi mmoja, Nsimire, alikuwa akiteremka na kigoda kichwani kutoka juu kabisa ya mlima.

Ua ukijaa, wakubwa hunusa. Citoyen Cishugi akatokea Jumamosi moja, sasa akiitwa Monsieur Honoré. Miaka yote ile jina la ubatizo alilificha sijui wapi. Leo amelipata, na tai juu yake, na rozari imemning'inia mfukoni ili ionekane. Alikataa kigoda alichoazimwa, akasema mgongo unamsumbua. Alisema chama kikubwa kama hiki hakiwezi kukaa chini kama watu wanaomenya mihogo. Kinahitaji karatasi za serikali, ukumbi, na rais anayejulikana Kinshasa. Rais huyo hakumtaja. Aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, mnafiki yule, akangoja wengine wamtaje.

Emérence hakumwogopa Honoré. Alimwogopa Théodore. Katekista huyu ndiye aliyesali kaburini kwa mume wake, mvua ikinyesha na padri hakufika, na watu wa uani walimfuata yeye popote. Akienda, ua mzima utakwenda.

"Maman Emérence, huyu mutu iko na njia," Théodore alimwambia. "Siye tuko na nini? Paka sala tu."

"Iko na njia, ndiyo. Tuliipita. Unasahau nani alikuwa anatuchezesha?"

"Mutu anaweza kutubu."

"Ametubu wapi? Miye sikusikia. Nimeona paka tai tu."

Théodore akacheka, lakini macho yake hayakutulia. Tayari alikuwa ameahidiwa kuwa makamu wa rais, na jambo hilo Emérence hakuambiwa.

Mkutano wa kumchagua rais ukawekwa Jumapili moja ya Novemba, baada ya misa, katika ukumbi wa shule. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo. Emérence aliwahi kufika na kigoda chake, akakuta lori la Honoré limeshusha viti mia moja, vimepangwa mistari, na meza kuu yenye kitambaa cheupe. Viti vya kijani. Alivijua kabla hajavikaribia. Pua yake ya dobi ikapata harufu ya rangi ya mafuta. Akagusa egemeo la kiti kimoja, kidole kikarudi kijani. Akakwaruza kwa ukucha, na chini ya ile rangi mbichi zikajitokeza herufi za Chama, za njano, zimetulia mahali pake pa siku zote.

Théodore alikuwa anaingia, amevaa koti lake jeupe la sikukuu. Emérence akamwonyesha kidole.

"Angalia. Hata hakungojea ikauke."

Théodore aliangalia kidole, akaangalia meza kuu, ambako kadi yenye jina lake ilikuwa imesimamishwa. "Kiti iko paka kiti tu, maman," akasema, akaenda kuketi.

Watu wakafuata. Wengine waliacha vigoda vyao nje ya mlango, kwenye matope. Kijana mmoja mwenye suti akamwambia Emérence asogeze kigoda chake nyuma maana kinaharibu mistari. Hakusogea hata kidogo. Nsimire akaja kuketi kando yake, kisha wengine kumi.

Honoré alihutubia saa nzima juu ya Mungu na nyumba. Shamba alilisahau. Kisha Théodore akasimama, akasoma kwenye karatasi kwamba Monsieur Honoré anapendekezwa kuwa rais wa Mafiga Matatu. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kaburini. Emérence alisimama, akapindua kigoda chake miguu juu. Vingine kumi na kimoja vikapinduliwa. Kwenye mistari, watu walitazama viti walivyoketi, na nani atathubutu kupindua kiti cha mkubwa?

"Hapa tunapitisha kwa makofi," Honoré alisema, akitabasamu.

Makofi yakapigwa. Yalikuwa makofi ya uwanjani, yenye mpigo ule ule. Kwenye meza kuu Théodore, makamu wa rais, akashusha pumzi na kuegemea kiti chake kwa raha.

Walipotoka na kuanza kupanda mlima, kila aliyeegemea alikuwa na mraba wa kijani mgongoni. Suti, blauzi, koti jeupe, wote wamepigwa muhuri, na hakuna aliyeuona wake, kila mmoja akimcheka wa mbele. Emérence alipanda nyuma yao na kigoda kichwani. Hakucheka.

Wiki hiyo Honoré aliandikisha jina la Mafiga Matatu serikalini, likawa mali yake. Wa uani walibaki na ua bila jina.

"Walianza na jina ya mutoto wangu," Emérence alimwambia Nsimire. "Sasa wamefikia mafiga."

Mwezi wa saba mwaka uliofuata redio ilisoma orodha ya vyama vilivyojiunga na kambi ya Rais, kwa upendo wa taifa. Mafiga Matatu kilikuwa cha nne. Somo la dini halikutajwa popote.

Siku mbili baadaye Théodore aliingia uani na furushi chini ya kwapa. Emérence alikuwa anafua. Akalifungua kwa mikono yenye povu: lile koti jeupe, limekunjwa miezi minane, doa limekauka na kupasuka kama ganda.

"Nimetoka mule," Théodore alisema kwa sauti ya chini. "Nisaidie, maman. Weye unaweza kutoa yote."

Emérence alilisugua doa kwa kidole gumba, akaligeuza, akaona limepenya hadi ndani.

"Siku ile ningeitoa, na petroli kidogo tu," alisema. "Nilikuonyesha ikiwa ingali mbichi."

Akamrudishia koti. Théodore alitazama huku na huku akitafuta mahali pa kuketi. Uani kulikuwa na kigoda kimoja, na Emérence akakikalia mwenyewe.