Yai la Mgonjwa wa Sinema

Ulikuwa mwaka wa matoke. Waganda walikosa sabuni na chumvi kwao, wakawa wanavuka mpaka na mikungu ya ndizi kichwani kuja kubadilishana, na sisi huku Burumba, upande wa Kenya, tukala matoke asubuhi, mchana na jioni, mpaka mbuzi wakakataa maganda. Miaka mingine ya sabini inanichanganya, lakini huo siukosei. Ndio mwaka wa sinema.

Juzi mjukuu wangu, huyu anayesomea uuguzi, wa kwanza katika ukoo wetu na usisahau hilo, alisema ameipata kwenye simu ile sinema ninayowasimulia kila siku. Tangu aseme hivyo sijakaa. Uwanja nimeufagia mara tatu.

Ililetwa kanisani na gari lenye jenereta, mchana wa Jumamosi. Mama zetu walitoa mablanketi kufunika madirisha na shuka la kuonyeshea picha, tukajazana gizani na jasho letu. Nilikaa na mtoto wa jirani, rafiki yangu wa kuchota maji. Mwaka huo alikuwa hachoti tena. Moyo wake ulikuwa mbovu, miguu imevimba, midomo imegeuka zambarau, na hospitali walishamrudisha nyumbani. Watu wakubwa walinong'ona wakidhani sisi ni viziwi. Kanisani nilimpeleka mgongoni.

Sinema yenyewe haikuwa na siri. Marafiki wawili, mrefu na mfupi. Mrefu akakohoa kwenye kitambaa hata hatujakaa vizuri, na mama muuza samaki nyuma yetu akapiga kelele, "Huyo ni wa kuzikwa! Twendeni tukapike!" Watu wakacheka. Kila kitu tulikisema kabla hakijatokea: sasa watagombana, sasa watasafiri, sasa watapatana. Mwalimu aliyekuwa akitafsiri kwa kipaza sauti akaona hana kazi, akakizima.

Lakini wale watu wawili walijua kuigiza, nakwambia. Mikono ya mgonjwa ilitetemeka, basi mfupi akammenyea yai. Hakumtazama. Alimenya polepole huku anamtukana, mjinga wewe, mlafi wewe, na mgonjwa akafungua mdomo kama kifaranga, anacheka. Hata muuza samaki alisahau kwenda kupika. Rafiki yangu alinifinya mkono mpaka ukaniuma.

Hapo hapo picha ikaungua ndani ya mashine. Tundu likatokea katikati ya shuka, likapanuka, likammeza mgonjwa na kitanda chake. Watu wakadai mwisho. Mwalimu akasema, "Mwisho si mnaujua? Nendeni nyumbani."

Njiani, mgongoni kwangu, rafiki yangu akauliza, "Kwani alikufa?"

"Hapana. Mimi sikumwona akifa."

"Lakini wote wamesema."

"Wamesema. Wameona?"

Akacheka mpaka pumzi ikamkatikia.

Tangu hapo kila jioni nilimpelekea ndizi ya kuchoma. Namenya bila kumtazama. "Mlafi wewe." Naye, "Mjinga wewe, umeiunguza tena." Akishameza ananiambia, "Leo sema ukweli. Alikufa?" Namjibu vilevile. Na sikai. Nafagia kwao, nachota maji yao, natoka, narudi, maana nikikaa ataniangalia usoni, na uso wangu haujawahi kujua kudanganya.

Asubuhi moja nilirudi kisimani nikakuta kwa jirani kumejaa akina mama. Nyanya yangu akanishika bega. "Ingia umuage mwenzako." Nikatua debe, nikakimbia hadi mpakani, nikajificha katikati ya mikungu ya Waganda mpaka nikasikia wimbo wa kaburini umeisha. Nyanya aliniita mtoto wa roho ngumu. Sawa, na iwe ngumu.

Kanisa lile halipo, pamejengwa stoo. Matoke sasa yanakuja na malori, hakuna anayekuletea mkungu mlangoni umpe kipande cha sabuni. Na sinema kila mtu anaangalia peke yake, kichwa chini, hakuna muuza samaki wa kukwambia nani wa kuzikwa. Nywele zangu zimekuwa nyeupe zote. Za rafiki yangu nazikumbuka nyeusi, na vumbi la njia yetu ya maji.

Sasa hivi mjukuu ananiita mimi nyanya yake. "Kukhu, njoo! Tumefika pale pa yai. Hii haijaungua, utaona mwisho wake."

Nimeangalia yai. Mfupi bado anamenya vizuri. Nimesimama, nimechukua ufagio.

"Kukhu, si ukae tu kidogo?"

"Hapana. Mimi sikumwona akifa."